Watu Wengi Katika Mji Mmoja

Nimeombwa niseme habari za maisha ya kila siku katika jamaa kubwa, na jinsi watu wengi wakaao pamoja wanavyopata kuwa marafiki. Jambo hili laweza kusemwa popote. Mimi nitalisema kwa habari za Rungwa, kwa sababu ndiyo nchi niijuayo.

Yamkini wengi wenu hamjafika huko. Rungwa ni kijiji cha Mkoa wa Singida, upande wa kusini kabisa, katika nchi ya Wakimbu. Ukishuka katika gari la moshi Itigi, katika reli ya kati itokayo Dar es Salaam kwenda Tabora na Kigoma, utashika njia ya kusini. Utapita kwanza kile kichaka cha Itigi kilichosongamana hata mtu haoni hatua kumi mbele yake, kisha utaingia katika miombo, na miombo hiyo haikomi upesi. Njia yaendelea mpaka Makongolosi, Chunya na Mbeya. Njia nyingine yaja kutoka Tabora kwa Sikonge na Ipole, nazo hukutana hapo Rungwa. Mto wenye jina lilo hilo huenda zake magharibi mpaka Ziwa Rukwa. Jirani na kijiji ni Pori la Akiba la Rungwa, makao ya ndovu na simba.

Nchi ni kubwa na watu ni wachache. Mbung'o wamewazuia watu tangu zamani wasifuge ng'ombe wengi, kwa hiyo mtu wa huko hakuzoea kuhesabu utajiri wake kwa mifugo kama Mgogo au Msukuma. Alihesabu mizinga yake ya nyuki iliyotundikwa mwituni, naye alihesabu watu wa mji wake. Nisemapo mji sina maana ya mahali penye maduka na taa. Nina maana ya ua mmoja wenye nyumba kadha wa kadha za watu wa jamaa moja.

Mji mmoja niujuao ulikuwa na watu 24. Alikuwako mzee mwenyewe na wake zake wawili, na dada yake mjane. Walikuwako wana watatu wa kiume, kila mmoja na mkewe, na vijana wawili ambao walikuwa hawajaoa. Waliosalia ni wajukuu, 12 kwa hesabu, na katika hao wawili walikuwa wanyonyao. Siwahesabu wageni, maana mji ule ulikuwa karibu na njia, na wageni hawakukosekana.

Basi mtu wa mbali akisikia habari za mji kama huo husema, "Hao wana raha, hawajui upweke." Husema hivyo kwa kuwa hajapata kulala humo. Ni kweli kwamba hakuna upweke wa kukosa watu. Lakini uko upweke wa kuwa mmoja katika wengi, na mtoto wa saba au wa nane aujua sana. Chungu kikipakuliwa, hakuna aulizaye kama yeye amekwisha kula. Tena wazee walisema kwamba vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Ndugu huzaliwa wakiwa ndugu. Marafiki hawazaliwi hivyo. Urafiki katika jamaa kubwa hupatikana kwa njia zake, nazo ni njia zilizopangwa tangu zamani kwa busara nyingi, ingawa wengi huzifuata bila kuzifikiri.

Tazameni kwanza jinsi siku inavyopita. Kabla ya jua kuchomoza wanawake wamekwisha kwenda kisimani, na mlio wa mchi wasikika katika kinu. Wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja hupokezana, huyu akiinua huyu akishusha, na lazima wapatane katika mwendo, ama sivyo michi itagongana na mtama utamwagika. Nimeona wake wenza ambao hawakupendana hata kidogo wakitwanga pamoja kwa uzuri sana. Sisemi kwamba kinu kiliwafanya wapendane. Wivu wa wake wenza ni jambo kubwa, na mtu akiwaambia kwamba katika miji ya zamani haukuwako, msimsadiki. Ndiyo sababu kila mke alikuwa na ghala yake, shamba lake na jiko lake, na mume mwenye akili hakuthubutu kuchukua mtama wa huyu kumlisha mtoto wa yule bila ruhusa. Katika mji ule niliousema, wake wale wawili walikaa miaka mingi kwa adabu bila urafiki. Kisha mke mdogo akaugua katika kujifungua, na yule mkubwa akamnyonyeshea mtoto pamoja na wake. Tangu siku ile walikaa kivuli kimoja.

Jua likipanda, wanaume na vijana wako shambani au wamekwenda kutazama mizinga, watoto wakubwa wako shuleni, na wadogo wanawinga ndege katika uwele. Jioni watu hula kwa makundi. Mzee hula na wanawe na wageni. Wanawake hula pamoja jikoni. Na watoto wadogo huenda kwa bibi. Huko kwa bibi ndiko jambo letu linakoanza.

Mtoto kwa baba yake ana heshima. Haketi juu ya kigoda cha baba, hadakii maneno yake, wala hasemi naye mambo ya mzaha. Wengine hudhani kwamba desturi hii ni ya ukali tu. Mimi sidhani hivyo. Baba ndiye agawaye, ndiye aadhibuye, ndiye aamuaye nani aende shule na nani abaki. Mtu mwenye kazi hiyo akifanyiwa mzaha na watoto 12, hukumu yake haitasimama. Walakini mtoto hawezi kuishi kwa heshima peke yake, kama vile mtu hawezi kula chumvi tupu. Basi ule utamu ambao baba hawezi kuutoa umewekwa kwa babu na bibi.

Bibi humwita mjukuu wake wa kiume, "Mume wangu." Humwuliza, "Mume wangu, leo umeniletea nyama gani?" Mtoto wa miaka sita, aliyekosa hata panzi, hujibu, "Mke gani asiye na meno? Nikikuletea nyama utaitafunaje?" Watu wote hucheka, na bibi hucheka kuliko wote. Babu naye humwona mjukuu yule kama mshindani, humtishia kwa fimbo kwamba amemnyang'anya mkewe, na mtoto hukimbilia nyuma ya bibi. Maneno kama hayo akimwambia mama yake angechapwa. Akimwambia bibi, hupewa karanga.

Huu ndio utani wa ndani ya jamaa, na faida yake si kicheko tu. Mtoto aliyezoea kumtania bibi yake humwambia na siri zake. Mtoto akiwa na homa aliyoificha, au ameogopa mwalimu, au amevunja mtungi, bibi hujua kwanza. Kisha bibi hulipeleka neno kwa baba kwa wakati wake, baba akiwa amekwisha kula. Kwa njia hiyo yule mtoto wa nane ambaye hakuna amwulizaye habari amepata mtu wake.

Watoto wa mjomba na watoto wa shangazi nao aghalabu ni watani. Mtu na shemeji yake hutaniana. Wifi na wifi hutaniana, na wakati mwingine utani wao una miiba. Bali mkwe haguswi. Kijana akimwona mama wa mkewe njiani hujitenga, huinama, na huzungumza naye kwa maneno machache ya adabu. Hapo hapana uadui wowote. Bwana Radcliffe-Brown, mtaalamu wa Kiingereza aliyechunguza desturi za mataifa mengi, aliandika mwaka 1940 kwamba kumtania mtu na kumwepuka mkwe ni njia mbili za kutimiza jambo moja, yaani kuwazuia wasigombane watu waliofungamanishwa na ndoa au ujirani. Babu zetu hawakuyasoma maneno yake, lakini nadhani wangaliyakubali.

Nimemtaja dada wa mzee, shangazi wa wana wale watatu. Katika mji ule yeye ndiye aliyekuwa mpatanishi. Msistaajabu kusikia kwamba mwanamke alikuwa na nguvu hiyo. Hata katika utawala Wakimbu walipata kuwa na mwanamke mkuu: Nyungu ya Mawe, aliyeiteka nchi ile kwa vita, alipokufa mwaka 1884, aliyerithi ukubwa wake ni Mgalula, mwanamke. Shangazi huyu hakuwa na utawala wowote, ila alikuwa na fimbo ya mpingo na ulimi mkali, na watu wawili wakinuniana aliwaita wote wawili wamsukie mkeka mmoja, huyu akianza upande huu na huyu upande huu, mpaka wakutane katikati.

Sasa nitawaambia habari ya mzinga.

Ninyi mliozaliwa mijini lazima mfahamu kwanza kwamba mzinga huko si kitu kidogo. Mwanamume huuchonga katika gogo, au huutengeneza kwa gome la mti, hasa mtundu au muba, huufunga kwa kamba za miti, na kuutundika juu mbali na nyegere. Aliyetundika ndiye mwenyewe, hata kama mti uko safari ya siku mbili kutoka nyumbani. Kula asali ya mzinga wa mtu mwingine ni wizi wenye aibu kubwa. Wakati wa kurina ukifika, wanaume huenda mwituni, hulala huko majuma kadha, na hula katika chungu kimoja. Wengi huniambia kwamba urafiki wao na ndugu zao ulianza huko. Nyumbani mtoto wa mke mkubwa hukaa na mama yake na mtoto wa mke mdogo na wake, lakini kando ya moto wa mwituni, simba akinguruma ng'ambo ya mto, hakuna aulizaye mama wa mwenziwe ni nani.

Basi mwana wa kwanza wa mzee yule, mtoto wa mke mkubwa, alitundika mzinga mzuri. Kisha akaenda upande wa Chunya kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu, kama watu wengi wa njia ile walivyofanya tangu dhahabu ya Lupa ilipoanza kuchimbwa katika miaka ya 1920. Akakaa huko miaka miwili. Nduguye, mtoto wa mke mdogo, aliuona mzinga umeanguka kwa upepo, akautengeneza, akautundika tena katika mti mwingine, akawafukuza siafu, akarina asali mara mbili. Yule mkubwa aliporudi akasema, "Umekula asali yangu." Mdogo akajibu, "Uliotundika wewe ulikwisha anguka. Huu nimeutundika mimi." Niambieni ninyi, nani alikuwa na haki? Wazee wawili niliowauliza walinipa majibu mawili.

Hawakupigana. Ingalikuwa heri wangalipigana, maana ugomvi wa ngumi huisha. Walinyamaza. Mwaka mzima hawakusemezana, wakawa wakipeana maneno kwa kinywa cha mtoto: "Mwambie baba yako mdogo anipe jembe." Wake zao wakaacha kutwanga pamoja. Watoto wakaanza kula mahali mbalimbali. Mzee aliwaita mara tatu, wakaja, wakaketi kwa heshima, wakasema, "Ndiyo, baba," wakaondoka vile vile. Hiyo ndiyo hasara ya heshima: yaweza kumfanya mtu aitike bila kukubali. Yule mkubwa akaanza kukata miti ya kujenga mahali pengine. Na shangazi, ambaye angaliwasukisha mkeka, alikuwa mgonjwa, haamki. Akafa kabla ya mvua.

Katika nchi yetu ya Tanzania watani wa ukoo wana kazi kwenye matanga. Hawa si wale watani wa nyumbani, bibi na mjukuu, bali ni watu wa ukoo mwingine au kabila lingine, ambao babu zao walifungamana na babu zetu kwa vita vilivyokwisha, au kwa safari, au kwa ujirani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zamani za misafara ya pwani; Wangoni nao wana watani wengi, na wazee husema ni kwa sababu ya vita vyao. Bwana Moreau, aliyekuwa akifanya kazi Amani katika milima ya Usambara, na ambaye wengi humjua kwa elimu yake ya ndege, alikusanya habari za utani wa Tanganyika na kuziandika mwaka 1941 na tena mwaka 1944. Mtani kwenye msiba husaidia kazi, tena hufanya mizaha ambayo wafiwa hawawezi kuifanya, hudai malipo, huzuia jeneza, huiga sauti ya marehemu. Mgeni asiyejua huona ni ukatili mtupu.

Mtani wa jamaa ile alifika siku ya mazishi. Alikuwa mtu mnene mwenye kufanya biashara ya chumvi na nguo. Aliingia nyumbani mwa marehemu, akatoka na ile fimbo ya mpingo na kitambaa cha kichwani, akainamisha mgongo, akasimama mlangoni pa ua. Kisha akasema kwa sauti ya shangazi hasa, hata wanawake wakashika vinywa vyao: "Mimi siendi! Nani atashika kichwani na nani miguuni? Nimewalea vijana wawili, nasikia wamekuwa mabubu. Mabubu wakinichukua wataniangusha, maana mmoja hawezi kumwambia mwenziwe kwamba kuna shimo!"

Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka, na waliokuwa wakicheka wakalia. Mtani hakuondoka njiani. Akawaita wale ndugu wawili kwa majina yao ya utotoni, akamweka mmoja mbele na mmoja nyuma, akasema hawatapita mpaka huyu wa mbele amwambie wa nyuma, "Angalia kisiki." Yule mkubwa alikuwa mbele. Alisimama kitambo, jasho likimtoka. Kisha akasema, "Ndugu yangu, angalia kisiki." Hapakuwa na kisiki. Wakapita.

Singependa mdhani kwamba kicheko kile kilimaliza shauri la asali. Hakikumaliza. Utani ulifungua vinywa tu, hesabu ilibaki. Baada ya matanga waliketi na baba yao na jirani wawili, wakasema siku nzima, tena kwa hasira. Ikaamuliwa kwamba mzinga ni wa aliyeuchonga, na asali ya mirino ile miwili ni ya aliyeutunza, na tangu hapo watagawana nusu kwa nusu madhali mdogo ndiye apandaye mti. Yule mkubwa alirudisha miti yake, akaitumia kujengea ghala. Mtani naye alidai kuku wawili kwa kazi yake. Akapewa mmoja, akamwiba wa pili mbele ya macho ya watu, na hakuna aliyemzuia.

Lakini utani una mipaka, na vijana wa siku hizi wengi hawaijui. Haukubali kumtukana mtu asiye mtani wako. Haukubali kuchukua kitu ambacho mtu hawezi kuishi bila hicho: utachukua kuku, hutachukua mbegu. Tena anayetania lazima akubali kutaniwa. Mwenye kucheka leo na kununa kesho si mtani. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba shuleni watoto huiga sehemu ya kwanza, yaani maneno makali, na kuisahau hii ya pili. Nadhani asema kweli. Hata hivyo neno lenyewe halijafa. Mashabiki wa Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na wa Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitana watani wa jadi, nao husemana maneno mazito ambayo kwa watu wengine yangaleta vita.

Miji yenye watu 24 imepungua. Vijana hujenga mbali, wengine huenda Singida, Mbeya au Dar es Salaam, na watoto wengi hulelewa na bibi kwa kuwa wazazi wako kazini. Mke mkubwa wa mzee yule ni kizee sasa, na mjukuu wake mmoja ni fundi wa magari mjini. Mwezi uliopita kijana huyo alimpelekea fedha kwa simu ya mkononi, shilingi elfu tano. Bibi akaomba apigiwe simu, akaishika kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka njiani: "Mume gani huyu anayetunza mke kwa elfu tano? Nitaolewa na mwingine!" Kijana akajibu kwamba mahari yake mwenyewe haikupita hapo. Bibi alicheka hata akakohoa. Kesho yake akafunga dumu la asali vizuri, akampa dereva wa basi aliyekuwa akienda Itigi, akamwagiza asilifungue njiani, kwa kuwa yeye dereva si mtani wake.